Buibui wa rangi: Mpige picha, usimpige kiatu

Je, msomaji, ukimwona buibui mkubwa wa rangi ya chungwa lililoiva ameketi mlangoni mwa shimo lake, utafanya nini? Wengi wetu tuna jibu moja tu, nalo huvaliwa mguuni. Tangu utotoni tumezoea kwamba buibui akionekana, ndara huvuliwa, pigo moja hushuka, na mambo huishia hapo. Aliyepiga hajui kama ameua adui au mlinzi wa nyumba yake.

Leo tunakuomba uzuie kiatu hicho kwa dakika tano. Si kwa sababu buibui wote ni wapole. La hasha! Wako wenye sumu ya kumlaza mtu hospitalini, na mmoja wao huenda yuko chini ya kiti cha plastiki kilichoko barazani mwako. Tunakuomba uzuie kwa kuwa kiatu hakimfunzi mtu kitu, ilhali jicho lililotulia, na kamera ikiwa unayo, vitakuonyesha yupi wa kuachwa afanye kazi yake, yupi wa kuepukwa, na la kufanya endapo mtu wa nyumbani ataumwa.

WA RANGI YA CHUNGWA

Tuanze na huyo wa rangi ya chungwa, maana ndiye anayewatoa watu roho kwa kumtazama tu. Anaishi katika sehemu kubwa ya mashariki, kati na kusini mwa Afrika, Kenya ikiwemo. Wale wenye rangi inayowaka kama moto wamejulikana zaidi kutoka upande wa milima ya Usambara, katika mkoa wa Tanga nchini Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wa Lunga Lunga. Kwingineko wengi wao ni wa rangi ya vumbi, kijivu au hudhurungi.

Yeye ni wa kundi la wale buibui wakubwa wenye manyoya ambao kwa Kiingereza wamepewa jina la nyani, kwa vile ncha za miguu yao zinafanana na vidole vya mnyama huyo. Akinyoosha miguu yote minane, anaweza kufika sentimita 10 hadi 15, yaani anafunika kiganja cha mtu mzima. Jike huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Dume maisha yake ni mafupi. Akishakomaa na kwenda kutafuta mke, hana siku nyingi.

Jina lake la kitaalamu lina kichekesho. Mwaka wa 1897, mwanasayansi Mwingereza R. I. Pocock alimwita Pterinochilus murinus. Neno hilo la pili ni la Kilatini na maana yake ni "wa rangi ya panya." Kwa hivyo buibui anayewaka kama kaa la moto anatembea duniani na jina la panya! Ukijua hayo, utaelewa kwa nini wataalamu hawamtambui buibui kwa rangi peke yake. Hutazama pia umbo, macho, utando na mahali anapoishi.

Mchana ni vigumu kumwona. Hujificha kwenye shimo ardhini, chini ya jiwe, kwenye mizizi ya mti au katika gogo lililooza. Shimo lake halifanani na la panya, kwa kuwa mlango wake umetandikwa nyuzi nyeupe nyingi kama pamba iliyochambuliwa. Giza likiingia, hutoka hadi mlangoni na kukaa kimya akimngoja mende, nyenje au mdudu mwingine apite. Hapo ndipo wewe na kamera yako mnapopata nafasi.

KUMKARIBIA

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba buibui huyu ana macho manane lakini haoni vizuri. Anaijua dunia kwa mtikisiko. Hatua zako huzisikia kwa miguu kabla hajakuona, na ukitembea kwa kishindo kama mtu anayewahi matatu, utakuta shimo tupu. Tembea polepole, weka mguu chini taratibu, kisha simama. Akiwa ameingia ndani, zima tochi usubiri. Mara nyingi atarudi mlangoni, mradi wewe una subira kuliko yeye.

Vaa viatu vilivyofunika mguu wote na suruali ndefu. Nenda na mwenzako mwenye tochi ya pili. Kabla hujapiga goti, mulika chini na pande zote, kwani porini usiku buibui si peke yake. Kuna nge na kuna nyoka, na hao ndio wa kuhofia zaidi. Usitie mkono mahali ambapo macho yako hayajafika.

Kaa umbali wa mita moja hivi. Buibui huyu ana mbio za kushangaza, na hasira zake ziko karibu. Ukimsogelea kupita kiasi atainua miguu ya mbele juu, aonyeshe meno yake meusi, na huenda ukasikia mlio kama wa mafuta yanayochemka kwenye kikaango. Mlio huo hautoki kinywani. Anasugua manyoya magumu yaliyo karibu na meno yake. Hayo ndiyo maneno yake, na tafsiri yake ni rahisi: "Nimekuona, rudi nyuma." Basi rudi nyuma, umpe dakika chache.

Wako wapigaji picha ambao humchokoza kwa kijiti ili ainue miguu, maana picha ya namna hiyo hutisha na kuwavutia watu. Wewe usifanye hivyo. Kwanza unajitafutia kuumwa. Pili, picha hiyo haionyeshi jinsi anavyoishi, bali jinsi anavyoogopa. Wala usichimbe shimo lake ili kumtoa. Nyumba ile ameijenga kwa muda mrefu, na akiwa nje usiku bila maficho, ni chakula cha ndege na nguchiro kukipambazuka.

PICHA YENYEWE

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Makosa ya wengi ni kumpiga buibui picha wakiwa wamesimama wima. Picha hutoka kama ya doa sakafuni. Ukishahakikisha ardhi ni salama, inama hadi kamera iwe karibu sawa na macho ya mnyama mwenyewe, huku ukibaki kwenye umbali wako. Hapo ataonekana ana uso, ana mwendo, ana maisha.

Si lazima uwe na kamera ya bei ghali. Simu ya kawaida yaweza kufanya kazi nzuri ukiitumia kwa akili. Usiisogeze simu karibu naye; vuta picha ikiwa wewe uko mbali, ama utakata sehemu isiyotakiwa baadaye ukiwa nyumbani. Gusa kioo mahali penye macho yake ili hapo ndipo pawe wazi. Egemeza viwiko vyako kwenye magoti au juu ya mkoba, maana mkono unaotetemeka huharibu picha kuliko kamera mbovu.

Mwanga nao una siri yake. Taa ya kamera ikimpiga usoni moja kwa moja, rangi hufifia na manyoya hung'aa kama bati. Mwombe mwenzako amulike kwa tochi kutoka ubavuni. Utaona kila unywele, na ile rangi ya chungwa itatoka jinsi ilivyo. Usimmulike kwa muda mrefu. Picha nne tano zinatosha, kisha umwachie usiku wake.

Piga picha za aina tatu. Ya kwanza iwe ya mnyama mzima kutoka juu, miguu yote ionekane. Ya pili iwe ya uso au ubavu. Ya tatu, ambayo wengi huisahau, iwe ya mahali: shimo, utando, mti au ukuta aliokuwako. Andika tarehe na jina la mahali. Mtaalamu wa wadudu, kwa mfano wale wa Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, anaweza kupata mengi kwa picha tatu kama hizo kuliko kwa mzoga uliopondwa.

YULE WA CHINI YA KITI

Sasa tumwache mkubwa wa nyika turudi nyumbani, kwani hapa ndipo msomaji mwenye watoto anapaswa kuwa makini zaidi. Yule buibui wa rangi ya chungwa, pamoja na ukali wake wote, huuma kwa maumivu makali, uvimbe na misuli kukaza kwa siku kadhaa, lakini si desturi yake kuingia sebuleni. Wa kuhofia nyumbani ni mdogo, mpole, na hana manyoya ya kutisha.

Tumbo lake ni la mviringo kama kifungo cha koti, na ndiyo sababu nchi za kusini mwa Afrika wanamwita kwa jina la kifungo. Ni jamaa ya yule "mjane mweusi" anayesifika huko Marekani. Mwili wa jike ni kama sentimita moja tu bila miguu. Aina inayopenda kukaa na watu ni ya kahawia yenye madoa, na miguu yake ina mabaka meusi na meupe. Ukipita haraka hutamwona.

Alama yake iko chini ya tumbo: pembetatu mbili zilizogusana kwa ncha, mfano wa ngoma iliyobanwa kiunoni, za rangi ya chungwa au nyekundu. Utaionaje bila kumgeuza? Usimguse kamwe! Yeye mwenyewe hukaa kwenye utando wake akining'inia miguu juu, tumbo limeelekea mbinguni. Kwa hivyo kama utando uko chini ya kimo chako, alama hiyo utaiona kutoka juu bila taabu, na kamera itaiona vizuri zaidi.

Dalili nyingine ni kifuko cha mayai. Cha buibui huyu wa kahawia ni cha duara, rangi ya maziwa au manjano hafifu, na kimezungukwa na vijimiba vidogo vidogo. Ukikikuta kwenye pembe, jua mwenyewe yuko karibu. Utando wake nao hauna mpango kama ule wa duara unaochorwa vitabuni. Ni nyuzi zilizovurugika, ngumu kuzikata.

Hupenda mahali pakavu pasipoguswa: chini ya viti vya plastiki, nyuma ya mapipa, kwenye matofali yaliyorundikwa, lundo la kuni, sanduku la mita ya maji, pembe za choo cha nje, na ndani ya viatu au mabuti yaliyoachwa nje kwa wiki nyingi. Yuko jamaa yake mweusi ambaye hukaa zaidi mashambani na ambaye sumu yake ni nzito kuliko ya huyu wa kahawia. Wote wawili hawana tabia ya kumfuata mtu. Huuma wanapobanwa kati ya ngozi na nguo, au mkono unapowafinya pasipo kujua.

Sumu ya jamii hii huvamia mishipa ya fahamu. Huifanya itoe ujumbe wake wote kwa wakati mmoja, na misuli ikapata amri zisizo na mwisho. Ndipo mtu anapohisi maumivu yakipanda kutoka kidoleni hadi kwapani au kinena, tumbo likakaza kama ubao, jasho likamtoka na moyo ukaenda mbio. Mtu mzima mwenye afya aghalabu hupona. Mtoto mdogo, mzee, na mwenye ugonjwa wa moyo au presha, hao ndio walio hatarini.

WAREMBO WASIO NA MAKOSA

Ni kinyume cha mambo kwamba buibui wanaopondwa kwa wingi ni wale wasio na hatari. Huko Pwani na sehemu nyingi zenye bustani utamwona buibui mdogo mgumu kama kokwa, mwenye miiba kwenye tumbo na rangi za njano, nyekundu na nyeusi. Anaonekana kama silaha, lakini mtu hana la kuogopa kwake. Yuko pia yule wa mistari ya njano na fedha anayekaa katikati ya utando wa duara, miguu ameipanga jozi jozi mfano wa herufi X, na kuchora nyuzi nyeupe za zigizaga. Hao ndio wa kuanzia ukitaka kujifunza kupiga picha. Hukaa pale pale mchana kutwa, mwanga upo wa kutosha, na kazi yao ni kula mbu na nzi wako.

Wako wazee wa Pwani wanaowakataza watoto kumuua buibui kwa heshima ya kile kisa cha pangoni, kinachosimulia jinsi buibui alivyotanda utando mlangoni na kuwapoteza maadui waliokuwa wakimsaka Mtume Muhammad alipohama Makka mwaka wa 622. Mtoto aliyelelewa hivyo hujifunza kutazama kwanza.

Buibui pia husingiziwa. Watu wengi wakiamka na malengelenge yanayowasha shingoni au usoni husema, "Nimekojolewa na buibui." Aghalabu mkosaji ni mdudu mwembamba mwenye mikanda myeusi na myekundu ambaye Wakenya wote wanamjua kwa jina la Nairobi fly. Haumi wala hachomi. Akipondwa juu ya ngozi, maji ya mwili wake huunguza. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 alisumbua watu wengi nchini. Mpeperushe kwa pumzi au karatasi, usimsugue, na uoshe mahali hapo kwa sabuni na maji. Hapa tena, pigo ndilo linaloleta madhara.

MTU AKIUMWA

Tuseme bahati mbaya imetokea. Mtulize aliyeumwa, umkalishe. Osha mahali palipoumwa kwa sabuni na maji safi. Weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, au barafu iliyofungwa kwa kitambaa, ili kupunguza maumivu. Vua pete na bangili kabla kiungo hakijavimba. Dawa ya kawaida ya maumivu inaweza kusaidia.

Usichanje kwa wembe. Usifyonze kwa mdomo. Usifunge kamba hadi damu ikasimama. Usipake mafuta ya taa, wala usipoteze saa nzima ukitafuta lile jiwe jeusi la kuwekwa kwenye kidonda cha nyoka. Mambo hayo huongeza jeraha juu ya jeraha. Ikiwa aliyeumwa ni mtoto, au maumivu yanasambaa, tumbo linakaza, jasho linatoka au pumzi inakuwa nzito, mpeleke hospitali mara moja. Iko dawa mahususi ya kupinga sumu ya buibui-kifungo ingawa haipatikani kila mahali, na hata pasipo hiyo daktari anazo njia za kutuliza maumivu na misuli.

Hapa ndipo picha yako inapopata thamani kuliko ile ya kuwekwa ukutani. Daktari akiambiwa tu "ni buibui," hana pa kuanzia. Akionyeshwa picha ya tumbo la mviringo na alama ya chungwa, atajua cha kutarajia saa zijazo. Kama buibui bado yupo na mtu mwingine anaweza kumpiga picha kwa mbali, afanye hivyo. Lakini asipoonekana usimtafute, mgonjwa kwanza.

Kinga nayo ni rahisi na haina gharama. Kung'uta viatu kabla ya kuvivaa. Pindua kiti cha plastiki kilichokaa siku nyingi kabla mtoto hajakikalia. Vaa glavu unapochukua kuni au matofali. Fagia chini ya viti na pembe za choo kila wiki kwa ufagio wenye mpini mrefu, kwani buibui huyu hujenga mahali palipoachwa. Vifuko vya mayai vyenye vijimiba viondoe kwa kijiti, kisha uvichome au uviponde. Naam, chini ya kiti cha mtoto hatuna ubishi na ufagio. Ubishi wetu ni na kiatu kinachoua bila kutazama.

USIMTIE CHUPANI

Kuna jaribu moja la mwisho. Ukimpata buibui wa rangi ya ajabu, huenda rafiki akakunong'oneza kwamba Ulaya na Marekani wako watu wanaowafuga na kuwalipia. Ni kweli wanafugwa, na huyu wetu wa rangi ya chungwa ni maarufu huko. Hata hivyo, kumkamata mnyama wa porini na kumsafirisha bila kibali ni kuvunja sheria. Mwezi wa Mei mwaka wa 2025, mahakama jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kesi ya siafu wala si ndovu. Malkia wa siafu zaidi ya 5,000 waliokuwa wafungashwe kwenda ng'ambo. Sheria haikuangalia udogo wa mnyama.

Kwa hivyo unapowaonyesha watu picha zako, taja wilaya au kaunti, lakini usitaje mti wala njia ya kufikia shimo. Jike aliyeishi miaka kumi mahali pamoja anaweza kuondolewa kwa jembe moja usiku mmoja.

Jumapili hii, msomaji, jioni jua likishapoa, waite watoto mzunguke boma na tochi. Wafunze neno moja kabla ya mengine yote: kutazama kwa macho, mikono nyuma. Wape simu wapige picha kwa zamu. Wakimwona mwenye miiba au wa mistari ya njano, wamsalimu na kupita. Wakiona ile ngoma ya chungwa kwenye tumbo la mviringo, warudi hatua mbili na kukuita. Mtoto anayejua tofauti hiyo amekingwa vyema kuliko yule mwenye ndara mkononi.